Mbao za nje za mashua ya tanga zimegoma kutoka, na chini yake nimekuta maji

Mtunza_Salama (Kilifi)

Hamjambo wakubwa kwa wadogo. Naomba msaada wa wanaojua mashua za faiba zenye mbao juu. Hapa nilipo mafundi wengi ni wa injini au wa majahazi, na kila ninayemuuliza ananipa jibu lake.

Mashua yangu inaitwa Salama. Ni ya mlingoti mmoja, urefu mita 9.6, iliundwa Uholanzi mwaka 1978. Niliitunza miaka 11 kwa niaba ya mzee wa huko huko aliyekuwa ameitia nanga hapa Kilifi, ng'ambo kidogo ya daraja. Umri ulipomzuia kusafiri akaniachia mimi, kwa karatasi na sahihi. Siku namsindikiza hakuzungumzia tanga wala injini. Alisema mbao zisije zikawa kijivu. Sasa ni kijivu, na jambo hilo haliniachi nikalala vizuri.

Mbao zenyewe ni za msaji. Juu ya paa la kabini kuna vishikio viwili virefu, kila kimoja kina miguu saba. Kuna ubao wa ukingo unaozunguka sitaha kutoka omo hadi tezi, umeungwa vipande vitatu kila upande. Na kuna fremu ya mlango wa kushukia ndani. Vanishi iliyobaki imeinuka magamba kama ngozi ya ng'onda, na pale ilipokwisha kabisa mbao imefanya mifereji ninayoweza kuingiza ukucha.

Jumatatu nilianza na kishikio cha kushoto. Nilichokonoa vizibo vya mbao kwa ncha ya patasi, nikafungua skrubu zote saba, nikavuta. Hakikutikisika. Nikaingiza mtaimbo mdogo chini ya mguu wa nne nikakandamiza taratibu, na kikalia mara moja tu kama fito kavu. Kimepasuka kwa urefu, kuanzia mguu wa nne hadi karibu na wa sita. Nilikaa juu ya paa hilo muda mrefu bila kushika kitu kingine.

Gundi iliyokuwa chini ni nyeupe, ngumu kama kisigino cha raba. Miaka sita iliyopita fundi mmoja alikuja kuvirudishia vishikio hivi, na nadhani ndiye aliyeitia. Vizibo alivyoweka navyo vilikuwa vinacheza. Viwili nilivitoa kwa kidole. Halafu palipopasuka, chini ya mguu, yametoka maji meusi, yapata kijiko kimoja cha chai, yananuka majani yaliyooza. Mvua hatujaiona siku tisa.

Nauliza: zinatolewaje bila kuvunjwa? Hicho kilichopasuka kinaungika au nitafute msaji mpya? Na nikishazitoa, nipake mafuta au vanishi? Nina mpaka masika yaanze, na pesa si nyingi.

---

Kaskazi_Dar

Pole sana ndugu. Mimi nakushauri jambo ambalo wengi hapa hawatalipenda: toa mbao zote, usizirudishe. Boti yangu Msasani nimeweka vishikio vya bomba la chuma cha pua, mwaka wa tano huu sijashika brashi. Jua letu si la Uholanzi. Mbao za nje huku ni kazi isiyokwisha, na wewe umesema pesa si nyingi.

---

Fundi_wa_Pate

Mwanangu, pole kwa kishikio. Kinaungika, usikitupe. Lakini umeandika mengi kuhusu mbao, na yale maji umeyapitia kwa haraka. Mimi nimeanzia hapo hapo, nikakaa napo.

Mashua nyingi za faiba za miaka hiyo sitaha yake si faiba tupu. Ni tabaka mbili nyembamba za faiba, na katikati yake zimebana mbao laini ya balsa, nyepesi kama boya. Balsa ikiwa kavu sitaha inakuwa imara na haina uzito. Ikipata maji inakunywa, inaoza, na sitaha inaanza kubonyea chini ya mguu. Maji hupita kwenye matundu ya skrubu. Kwa hiyo kila mguu wa kishikio chako ni mlango, na una milango 14 juu ya paa peke yake, mbali na ule ukingo. Huyo aliyekuja miaka sita iliyopita alibandika mbao vizuri sana kwenye faiba, na akaacha matundu yenyewe wazi. Gundi ikishika pembeni na katikati pakawa wazi, maji yanaingia na hayana pa kutokea.

Kabla hujagusa kishikio cha pili, chukua sarafu ya shilingi 20 ugonge paa lote, kidogo kidogo, kama daktari anavyogonga kifua. Penye uzima pana sauti kavu, ya juu. Penye ubovu sauti inadidimia, unasikia kama unagonga embe bivu. Zungushia penseli kila palipodidimia. Usijidanganye masikio, ukiwa na shaka zungushia.

Sasa kutoa. Vizibo usivichokonoe kwa patasi kutoka nje, utabomoa midomo ya tundu, na kizibo kipya hakitakaa. Chukua keekee ya milimita 3, toboa katikati ya kizibo mpaka usikie chuma. Kisha kaza skrubu ya mbao humo humo. Ncha ikigusa kichwa cha skrubu ya chini haina pa kwenda, basi inakisukuma kizibo juu, kinapanda chenyewe kizima. Kikiwa kimegundishwa kwa epoksi hakitapanda. Toboa kwa keekee ndogo kuliko kizibo, ubaki ukingo mwembamba, uubomoe kwa patasi nyembamba ukielekeza ndani. Msumari mdogo ulionolewa ndio wa kusafishia mfereji wa kichwa cha skrubu. Usifungue kabla haujawa safi. Bisibisi ikiteleza mara moja umejiongezea kazi ya saa nzima.

Ingia na ndani ya kabini, tazama dari. Vishikio vingine vimefungwa kwa skrubu kutoka juu mguu mmoja, na kwa bolti kutoka chini mguu unaofuata, na nati zimefichwa nyuma ya kitambaa cha dari. Umesema umefungua skrubu saba kwa miguu saba, huenda zako ni za juu tupu. Tazama hata hivyo. Nimewahi kuona mtu akipigana na kishikio siku mbili, na nati iko ndani inamngoja.

Mtaimbo urudishe stoo. Gundi ile inakatwa, haing'olewi. Ikiwa ni ya jamii ya 3M 5200, gundi ya kudumu ya mashua, na kwa ugumu unaoueleza inafanana nayo, inalegea ikipata joto. Joto unalo bure. Ngoja saa saba mchana, tandika kitambaa cheusi juu ya kishikio nusu saa, kisha ingiza waya mwembamba wa chuma chini ya mguu. Funga kijiti kila ncha ya waya, uvute huku na huku kama msumeno wa watu wawili. Pale waya usipopita tumia jino la msumeno wa chuma lililotolewa kwenye mpini, bapa, bila kuinua. Mguu ukiachia, chomeka kabari nyembamba ya mbao usije ukashika tena, uende wa pili. Anza ncha moja uelekee nyingine. Usirukie katikati: ulivunja kwa sababu miguu sita ilikuwa bado imeshika ulipoinua wa nne.

Ubao wa ukingo ni hivyo hivyo, ila umepinda. Ukiutoa utataka kunyooka. Kabla ya kuutoa andika namba juu ya kila kipande na mshale unaoelekeza omo, na ukishatoka ufunge juu ya mbao nyingine kwa mpindo ule ule. Ukiuacha ukutani wiki mbili hautarudi bila vita.

Matundu sasa. Yapanue kutoka juu mpaka milimita 12, tundu la faiba ya chini liache lilivyo. Pinda msumari, uutie kwenye drili kama keekee, uingize na kuuzungusha. Msumari utakwangua balsa pembeni bila kugusa faiba. Kinachotoka kikiwa cheupe na kikavu, hapo ni salama. Kikiwa cheusi kama ugoro, endelea mpaka upate cheupe, au ujue kwamba hapo pana eneo zima la kufungua. Acha matundu yakauke, siku nyingi kuliko unavyotaka, yafunikwe usiku kwa ajili ya umande. Bandika utepe chini, jaza epoksi iliyokolezwa kwa unga wake. Ikishakuwa jiwe ndipo utoboe tundu dogo la skrubu katikati yake. Baada ya hapo, hata gundi ya juu ikichoka, maji yanakuta epoksi, balsa hayaioni.

Na wewe Kaskazi_Dar, bomba la chuma nalo lina miguu na skrubu. Kagua chini yake.

---

BiVanishi_Unguja

Asalaam aleikum. Fundi amemaliza upande wa chini, mimi nitasema upande wa juu maana ndio ninaokula kwao. Kazi yangu kubwa ni milango ya msaji ya Mji Mkongwe, na mashua tatu ninazozipaka kila mwaka.

Kaka Mtunza, kijivu si ugonjwa. Ni ngozi tu, haifiki milimita moja, chini yake msaji wako una rangi ya asali. Mtu akikuambia uupige kwa maji ya presha, mkatalie; maji yanachimba sehemu laini na kuacha mistari, na mifereji unayoiona sasa itaongezeka maradufu. Tafuta asidi oksaliki ya unga. Koroga kwenye maji ya vuguvugu, vaa glavu na miwani, upake kwa brashi laini ukikatisha nyuzi za mbao, si kufuata nyuzi. Ngoja kama dakika 20, utaona kijivu kinageuka, na yale madoa meusi ya chuma kuzunguka skrubu yanayeyuka. Suuza, usuuze tena. Asidi ikikaukia juu ya mbao inabaki unga, na unga huo si wa kuvuta puani wakati wa kupiga msasa.

Msasa anza namba 80 penye mifereji tu, kisha 120, kisha 180. Usitafute ubao uwe kama kioo. Ukiondoa mifereji yote utamaliza ubao. Mimi huacha alama kidogo, ni umri wake. Kabla ya kupaka au kugundisha futa kwa asitoni. Msaji una mafuta yake, na mafuta hayo ndiyo yanayofukuza vanishi na gundi. Hiyo ndiyo habari ya kishikio kilichopasuka pia: futa pande zote mbili za ufa kwa asitoni, tia epoksi ndani ya saa ile ile, bana kwa vibano bila kukamua gundi yote ikatoka.

Mafuta au vanishi? Mafuta ni rahisi kuanza, lakini kwa unyevu wetu yanaota ukungu mweusi kabla hujapumzika. Mimi ni wa vanishi, yenye kinga ya jua. Mkono wa kwanza nusu vanishi nusu thina, unywewe na mbao. Wa pili robo ya thina. Kuanzia wa tatu vanishi tupu, mpaka minane. Mkono mmoja kwa siku, na msasa 320 katikati. Ndiyo, ni siku nane. Ukiishia mitatu, jua la kaskazi litaila kabla mwaka haujageuka.

Saa ya kupaka ni kuanzia saa mbili asubuhi, umande ukishakauka, na saa nne uwe umeosha brashi. Fundi anakutaka saa saba kwa kukata gundi. Saa saba kwa vanishi ni hasara, inakauka juu kabla ya ndani na inafanya malengelenge. Chuja kwa soksi ya nailoni hata kama kopo ni jipya.

Na faida ya kuwa umezitoa ni hii: paka pande zote. Chini ya miguu, kwenye ncha zilizokatwa, ndani ya matundu ya skrubu. Ncha ndizo zinazokunywa. Ubao uliopakwa ukiwa umefungwa mahali pake unaanza kuinuka vanishi kutoka chini, unabaki unapaka juu na ugonjwa uko usipopaona.

Kisha, nikuulize: vizibo unavyo? Pima tundu.

---

Mtunza_Salama (Kilifi)

Nimerudi baada ya wiki nne. Nilisoma majibu yenu mara nyingi mpaka mke wangu akayajua.

Nilianza na sarafu. Paa la kulia zima, sauti ya juu kote. La kushoto, kuzunguka miguu mitatu ya katikati, palididimia eneo la ukubwa wa sinia. Fundi, uliposema embe bivu nilidhani ni maneno ya kufurahisha msomaji, lakini ndiyo sauti yenyewe.

Kishikio cha kulia kimetoka kizima. Dari nililifungua kwanza, hamna nati. Vizibo vitano vilipanda kwa skrubu kama ulivyoeleza, viwili nikabomoa ndani kwa ndani. Waya nilichukua wa breki ya baiskeli, nikaufumua nikatumia uzi mmoja. Wa kwanza ulikatika, wa pili umemaliza miguu yote. Mguu mmoja ulikuwa dakika 10 mpaka robo saa, mchana wa jua kali, chini ya kitambaa cheusi. Ulipoachia wa saba nilikishika mikononi nikashangaa kilivyo chepesi.

Matundu ya kulia yote saba yametoa unga mweupe. Ya kushoto manne meupe, matatu meusi. Kwa hayo matatu msumari uliopindwa haukutosha. Nilikata faiba ya juu kwa ukubwa wa kiganja, nikatoa balsa iliyooza kwa kijiko, ilikuwa inatoka kama ugali uliolala. Nikaacha wazi siku 12 na taa ya joto ndani ya kabini, usiku nafunika na sufuria. Nimeweka balsa mpya, nikairudisha faiba juu kwa epoksi. Hapo ndipo nusu ya pesa imeishia.

Bi Vanishi, umenipata kwenye vizibo. Tundu ni milimita 10 kamili. Nilipompigia mzee Uholanzi kumwuliza, akasema alivyoleta kwa ajili ya yule fundi vilinunuliwa kwenye duka la Waingereza, vipimo vya inchi. Thumni tatu ya inchi ni milimita 9.5. Nusu milimita, miaka sita, maji yakapita humo. Mzee alinyamaza kidogo kwenye simu, kisha akaniuliza kama balsa iliyooza ilikuwa upande wa mlingoti au upande wa mlango. Nikamwambia mlingoti. Akasema pale ndipo alipokuwa akisimama kushusha tanga, na alikuwa akihisi sakafu ina pumzi.

Vizibo nimechonga mwenyewe kutokana na kipande cha msaji cha Longuza, Muheza, alichobaki nacho seremala mmoja hapa. Je, nivigundishe kwa epoksi?

---

Fundi_wa_Pate

Usitie epoksi. Chovya kwenye vanishi, gonga taratibu, nyuzi za kizibo zielekee sawa na nyuzi za kishikio. Atakayekuja baada yako naye atataka kuvitoa. Ukikata kinachozidi, usikate chini kwa mara moja: kata ukiacha milimita mbili juu, tazama nyuzi zinashukia upande gani, kisha ingiza patasi kutoka upande huo zinakoshukia, ikate kuelekea zinakopandia. Ukiingia kinyume kitachimbika ndani ya tundu.

Skrubu umetia mpya? Za zamani zikivutwa zinaonekana nzima na shingo imeliwa. Chuma cha pua namba 316 ndicho cha baharini. Na mdomo wa kila tundu kwenye epoksi upanue kidogo kama bakuli, ili gundi ya kuzibia ikae duara kuzunguka shingo ya skrubu. Tumia ya polisalfaidi. Silikoni usiisogeze karibu na mbao, ikishagusa hakuna kitakachoshika tena hapo.

---

Mtunza_Salama (Kilifi)

Vishikio vyote viwili vimerudi. Mikono minane, Bi Vanishi, nimehesabu kwa chaki ukutani. Kile kilichopasuka kina mstari mmoja mwembamba, ukiujua utauona.

Jana usiku ilinyesha, ya kwanza. Nilikuwa nimebandika karatasi ya shashi ndani, chini ya kila mguu, 14 kwa jumla, niliposhuka alfajiri nikazigusa moja moja kwa tochi. Kumi na tatu kavu. Ile ya mguu wa nne kushoto ina doa la unyevu, dogo kuliko ukucha.

---

Fundi_wa_Pate

Huo wa nne ufungue leo, kabla gundi haijakomaa.

---

Mtunza_Salama (Kilifi)

Nimeshatoa kizibo. Nasubiri saa saba.